Usiniambie "Njo, Papa"

Mapendo mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wanakwaya wenzako, na kwa jinsi ninavyowafahamu, wataimba nyimbo tatu kabla hawajakuachia mkono. Kwa hiyo nina muda kidogo. Mvua imeanza tena, inapiga bati kiasi kwamba mama yako akiniita kutoka jikoni simsikii, na leo hiyo ni faida kwangu. Nimekaa kwenye meza yako. Kalamu pia ni yako, usiitafute.

Mambo ya safari sitayaandika. Mama yako amekwisha kukuambia nguo zipi zikae juu na zipi chini, dawa ya malaria iko mfuko gani, na nani umpigie simu ukifika Walikale. Amekuambia mara tatu, na ya nne inakuja kesho asubuhi.

Naandika kwa sababu ya jana. Baada ya kula nilikukalisha nikaanza na maagizo yangu: kwenye bariyeri za wenye silaha usibishane na mtu, usipande pikipiki ya motari aliyekunywa, ukiona watu wanarudi mbio na wewe geuka, maswali baadaye. Na wewe, macho chini, kila neno unaitikia ndiyo tu: "Njo, Papa. Njo, Papa. Njo, Papa." Mama yako alifurahi, akasema mtoto sasa amekua. Mimi nilishindwa hata kumaliza chai. Nimekulea mwenyewe, nakujua. Tangu una miaka mitano hujawahi kunikubalia jambo kabla ya kuuliza sababu, "juu ya nini?", angalau mara mbili. Nadhani uliogopa kwamba ukinibishia nitakasirika, na nikikasirika nitakuzuia usiende Mubi kuwafundisha wale vijana kujenga. Labda uliogopa sawasawa. Lakini hiyo "njo" ninaifahamu. Niliwahi kuisikia kutoka vinywa ishirini kwa mara moja, na siku hiyo Bauma alipoteza mguu wake.

Bauma unamjua, ni yule anayechaji simu pale sokoni, mwenye magongo mawili, anayekuita "ingenyeri", yaani mhandisi, kila ukipita. Hadithi yake pia unaijua, maana nilikusimulia mimi: kwamba tulikuwa tunachimba nyuma ya kanisa, mvua ilikuwa imenyesha, ukingo wa udongo ukaanguka ghafla bila mtu kujua. Ndivyo nilivyomwambia mama yako, na ndivyo nilivyomwambia mchungaji. Si kweli, Mapendo. Nilijua. Niliambiwa.

Sasa unakwenda kukaa kwa Esperanse, na Esperanse ndiye aliyeniambia. Yeye ni mtu wa kufunga mdomo, hatalianzisha yeye. Ila wewe utauliza, huwezi kuishi na mtu wiki mbili bila kumchimba. Sitaki ulisikie kwanza kwenye jiko la mwingine. Nimeona aibu miaka mingi ya kutosha, acha niione mara moja mbele yako iishe.

Ulikuwa na miaka saba. Watu walikuwa wamemiminika hapa Kitshanga kutoka milimani, kambi imejaa, na vijana wa kambi na vijana wa mji walikuwa wakikutana ni mawe. Mchungaji akaniita. Akasema, wewe ni fundi, wachukue hawa, wa huku na wa huku, wajenge madarasa mawili nyuma ya kanisa, labda mikono ikiwa na kazi itasahau mawe. Walikuja ishirini. Bauma alitoka kambini. Esperanse alikuwa mtoto wa hapa hapa, shamba lao la viazi liko kule juu tangu babu yake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kushika mwiko wa kujengea.

Miezi ya kwanza nilisema kila kitu mimi. Maji kiasi hiki. Tofali hivi, si vile. Simama hapa. Toka hapo. Niliwashika mikono mmoja mmoja, na ambaye hakusikia alipigiwa kelele hadi sokoni wakajua jina lake. Kwa hilo sijuti. Mtu asiyejua timazi inaning'inizwaje, ukimwuliza maoni yake juu ya ukuta unamwonea tu. Walihitaji mtu wa kuwaambia, na mimi kuambia watu najua, mama yako atakuhakikishia.

Asubuhi kabla ya kazi nilikuwa napaza sauti kama tunavyofanya kwenye salongo, kazi ya pamoja ya mtaa: "Tuko pamoja?" Nao: "Njo, Papa!" Wa kambi na wa mji, kwa mdomo mmoja. Wiki chache kabla walikuwa wanapasuana vichwa. Ningekuwa na moyo wa jiwe nisifurahi. Mchungaji mwenyewe alikuwa anasimama mlangoni kusikiliza.

Kosa langu lilianza pale walipokua, nami sikuona. Au niliona nikakataa kuona, ndiyo kweli zaidi. Esperanse alianza kupanga watu mwenyewe: huyu ana mgongo mbovu, asibebe, wale wawili wamegombana, wasikae pamoja leo. Bauma alikwenda bondeni akaleta udongo mweusi, akauchanganya na ule wetu mwekundu, na matofali yake ishirini ya majaribio hayakupasuka juani. Yetu yalikuwa yanapasuka. Alinionyesha, uso unamng'aa. Nami nikamwambia mbele ya wote, "Nani amekutuma?"

Hilo tu. Nani amekutuma. Tukaendelea na udongo wangu, yakaendelea kupasuka, na mimi nikaendelea kulisema jua. Hakuna aliyenibishia. Nilidhani wamenyooka, kumbe walikuwa wamejifunza kwamba kwangu ukitaka amani unasema neno moja.

Nilipenda neno hilo, mwanangu. Nyumbani nilikuwa na wewe na mama yako, watu wawili wa kunijibu asubuhi hadi usiku. Kule nilikuwa na watu ishirini wa kunikubali. Nilikuwa natoka hapa nimekunja uso, nikifika kule kifua kinapanda.

Siku yenyewe tulikuwa tunakata mlima kupata nafasi ya darasa la pili. Ukingo ulikuwa umepita urefu wa mtu, umesimama wima, kwa kuwa mimi ndiye niliyesema ukatwe wima ili tusipoteze nafasi. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Asubuhi hiyo ilikatika, nikaona hii ndiyo nafasi yetu. Esperanse alikuwa amepita juu akitoka kwao. Akanijia, akanong'ona, hakutaka kuniaibisha:

"Papa, kule juu udongo iko inapasuka. Niliona mustari, inatoka kwa ule muti mupaka kwa choo."

Kupanda kwenda kutazama ilikuwa hatua hamsini. Nimezihesabu baadaye, mara nyingi. Sikupanda. Nilisema kwa sauti ya wote kusikia:

"Esperanse, wewe njo ingenyeri sasa?"

Wakacheka. Yeye akatazama miguu yake. Kisha nikageuka kwa kundi, nikapaza ile sauti yangu: "Tunaendelea?"

Palikuwa na kimya kidogo. Kifupi sana, mtu mwingine asingekisikia. Mimi nilikisikia. Halafu: "Njo, Papa!"

Bauma alishuka wa kwanza, jembe begani. Alipiga mara nne au tano. Hapakuwa na mngurumo wala kishindo, udongo uliteleza tu na kukaa chini, na pale alipokuwa Bauma palikuwa na udongo. Tulichimba kwa mikono kwa kuwa tuliogopa kumkata kwa jembe. Esperanse alikuwa mbele yangu anachimba, kucha zinatoka damu, na wakati wote huo hakuniangalia hata mara moja. Tulimpata akiwa hai. Mguu wa kushoto ulikuwa umesagwa na jiwe, na hospitalini waliukata chini ya goti.

Nilikwenda kumwona siku ya tatu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Akaniambia, kwa upole, kama mtu anayeeleza njia:

"Papa, mi pia niliuona ule mustari."

"Juu ya nini haukusema?"

"Ulishauliza, Papa. Na jibu iko moja tu."



Bado kuna jambo moja, na hili ndilo baya kuliko yote, ndiyo maana nimezunguka kurasa hizi zote kabla ya kulifikia. Mchungaji alikuja kuuliza ilikuwaje. Nikamwambia ukingo ulianguka bila dalili. Esperanse alikuwa amesimama kando yangu. Mchungaji akamgeukia, "Iko vile?" Alikuwa na miaka kumi na tisa. Akanitazama mimi, muda mrefu, akinipa nafasi. Sikusema kitu. Akamjibu mchungaji: "Njo."

Baada ya hapo, kama unavyojua, niliacha vijana. Unachojua pia ni kwamba nilirudi, wakati wale waliokimbia kutoka upande wa Buleusa walipofika wakataka kujenga jiko la kambi. Usichojua ni jinsi nilivyorudi. Nilirudi mwoga. Nilikuwa nimeapa sitamwamuru mtu tena. Walikuwa wapya kabisa, mwiko wanaushika kama kijiko cha bugali, na mimi nimekaa juu ya jiwe nawaambia, "Fanyeni mnavyoona ninyi." Walikuwa wanaona nini, maskini? Vijana wawili ndugu, wenye mabega, wakajifanya wakubwa. Wasichana wakageuzwa wachota maji. Ukuta ukaanza kulala kwenye mstari wa tatu wa matofali. Niliuona. Nikanyamaza hadi mstari wa kumi na mbili, nikijiambia kwamba ninawaheshimu. Siku tulipoubomoa, mtaa mzima umejaa kutazama, msichana mmoja alikuja akaniuliza, "Papa, ulijua? Na ulinyamaza?" Nusu yao hawakurudi tena.

Nikabaki na makosa mawili yasiyofanana. Wale wa kwanza niliwashika mkono walipokuwa tayari kuachiwa, hawa wa pili niliwaachia kabla hawajajua kusimama. Na nakuambia bila haya: mara zote mbili sikuwa nawatazama wao. Nilikuwa najitazama mimi, kwanza kiburi changu, halafu woga wangu.

Sasa wewe. Umerudi kutoka semina ya Goma na ile karatasi yenye vyumba vinne, kikundi kinaanza, kikundi kinagombana, kikundi kinazoeana, kikundi kinafanya kazi. Nilikucheka, nikasema wamelipa mtu achore madirisha. Nisamehe. Nimeisoma ukiwa umelala, na ningeipata zamani ningeweza kumwachia Bauma udongo wake mweusi. Lakini kuna kitu karatasi yako haikuniambia. Wale vijana wangu ishirini, kwenye matofali walikuwa wamefika chumba cha nne. Kwenye kuniambia ukweli walikuwa bado mlangoni, na mlango nilikuwa nimeushikilia mimi.

Uliniambia, "Papa, mi sitaamuru muntu, tutaamua bote." Mapendo, wale wa Mubi ni wapya. Wengine wametoka machimboni. Wengine, umesema mwenyewe, wametoka porini kwa wenye silaha, na kule kumjibu mkubwa kulikuwa na malipo yake. Ukiwauliza siku ya kwanza "tufanye je?" watakutazama, watatafuta jibu unalolitaka, watakupa hilo. Na kama hawakuona unataka nini, mwenye mabega ataamua. Waambie tu. Shika hivi, kata hivi, ukingo ulale, usisimame wima. Usione haya kuwa mwalimu wao. Kisha uwe unaangalia mikono yao. Mkono wa mtu ukianza kufanya kabla hujasema, funga mdomo wako, hata kama ungefanya vingine. Utaona vibaya, nakuonya. Mtu anajisikia kama ameibiwa.

Lakini lile jingine usilisubirie chumba cha nne. Lianze siku ya kwanza. Unakumbuka muntu wa apana?

Ulikuwa unadhani ni mchezo wangu. Katika kikundi changu cha tatu, kile ulichojifunzia kazi, kila asubuhi mmoja, kwa zamu, anazunguka kiwanja peke yake, anapanda juu, anashuka, na akisema "apana" kazi inasimama, hakuna kumwuliza mara mbili, na mimi nikiwemo. Wewe ulikuwa na miaka kumi na nne ukasimamisha watu kumi na wanane siku nzima kwa ajili ya mzinga wa nyigu. Nilitafuna ulimi, lakini nilikaa chini. Wenzako walikucheka wiki nzima, na wiki iliyofuata yule mvulana mpole ambaye hakuwahi kusema kitu alisimamisha kazi kwa sababu jukwaa lilikuwa na mti uliooza. Kwa kweli ulikuwa umeoza. Mchezo huo, mwanangu, umetoka chini ya ule udongo. Hatua hamsini za kupanda juu ndizo zile ambazo mimi sikuzipanda.

Esperanse aliniandikia mara moja tu tangu aolewe Mubi. Ni mwaka huu, ni juu yako. Aliandika kwamba vijana wanaanza kuchimba msingi Jumatano, kwamba kiwanja kiko chini ya mteremko, na mvua haikatiki. Halafu: "Papa, tuma Mapendo. Beye banafanyaka kila kitu unawaambia." Wanafanya kila kitu unachowaambia. Hakuongeza neno. Nimeisoma sentensi hiyo hadi karatasi imelegea.

Nilifika hapo ukarudi. Nimeificha barua chini ya kofia yangu, kama mwanafunzi. Sasa umeingia kwa mama yako, nami naendelea, maana kuna kitu kimetokea na nataka ukikute kimeandikwa.

Umeingia umelowa, nami nilikuwa nimejaa maneno haya yote kichwani, nikaona mvua, nikaona njia ya Masisi ile inayoshuka, nikaona udongo. Nikasogeza safari yako hadi Alhamisi, kwa ile sauti yangu ya zamani, nimeisikia mwenyewe:

"Kesho hauende. Utaenda siku ya ine, mvua ikipunguka. Nimemaliza."

Uliweka begi chini. Nilingoja. Nakuapia, Mapendo, nilingoja ile "njo" yako kama mtu anayengoja kofi.

"Apana, Papa."

Mama yako akasimama mlangoni na mwiko wa bugali mkononi.

"Apana," ukasema tena. "Nimeongea na motari, amepita ile njia leo asubuyi, iko inapita. Tukikuta imeanguka, tutalala Masisi, sitalazimisha. Lakini siku ya tatu bale bantu banachimba. Kama siko pale, nani atapanda kule juu kuangalia?"

Nilikasirika. Nataka ujue hilo, usije ukadhani baba yako amegeuka malaika kwa kuandika barua moja. Masikio yaliniwaka. Nilikuwa na jibu mdomoni, lile lile: wewe njo ingenyeri sasa? Lilifika hadi kwenye meno. Nikatoka nje nikasimama chini ya bati, maji yananirukia miguuni, hadi lilipotelea huko.

Kisha nikarudi nikakuuliza motari anaitwa nani, na kama tairi zake ni nzima. Ukacheka. Swali hilo ndilo lilikuwa ruhusa yangu, kama hukuelewa.

Bado naogopa. Naogopa njia, naogopa wenye silaha, naogopa mteremko ule ambao sijauona. Kama ungesema "njo, Papa" leo ungebaki hapa, mkavu, na mimi ningelala vizuri hadi Jumatano.

Leo kabla hatujala nitamwambia mama yako yote, ili usiende na siri yangu mgongoni. Kesho pikipiki ikishaondoka nakwenda kwa mchungaji. Amezeeka, labda amesahau. Nitamkumbusha. Halafu nitakwenda sokoni kwa Bauma, ambaye hajasahau na hajawahi kunidai hata neno.

Esperanse ukimkuta, kabla ya kula chakula chake, mwambie hivi kutoka kwangu: lile jibu alilompa mchungaji, halikuwa lake. Lilikuwa langu, yeye alinibebea tu, na sasa nimekuja kulichukua.

Na Jumatano, kabla mtu hajashuka na jembe, panda juu uangalie.

Papa yako